Vyeti vya Linux: Mtihani Upi Unapima Nini, na Gharama Inamwangukia Nani

Tangazo la kazi ya msimamizi wa seva, liwe la Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, mara nyingi huwa na mstari unaowavuruga waombaji: mwenye cheti cha RHCSA/RHCE/LPIC/Linux+ atapewa kipaumbele. Mikwaju hiyo inamfanya msomaji aamini kwamba majina yote yana uzito mmoja, kama vile kusema chai au kahawa. Sivyo. Mmoja ni mtihani wa takriban saa tatu mbele ya mashine inayotakiwa kutengenezwa, mwingine ni dakika tisini za kuchagua majibu. Mmoja ni wa kampuni inayouza mfumo wenyewe, mwingine ni wa taasisi isiyo ya faida. Kimoja kinakufa baada ya miaka mitatu, kingine mitano. Kijana aliyemaliza diploma ya TEHAMA akiuliza aanze na kipi, mwalimu atamtajia kimoja, rafiki yake kingine, na kituo cha mafunzo kitamtajia kile kinachokifundisha.

Mabishano juu ya vyeti hivi yana sura tatu: mfumo wa nani upimwe, upimwe kwa maswali au kwa vitendo, na matokeo yadumu kwa muda gani. Kila upande una hoja nzito. Lakini ukiyafuata mabishano hayo mpaka mwisho utakuta chini yake kuna suala la fedha ambalo halitajwi sana: mwajiri asiyejua namna ya kumpima fundi anamwachia fundi alipie kupimwa.

Mfumo wa bure, mtihani wa kulipia

Linus Torvalds aliitoa kerneli ya Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki. Ikafanya kazi pamoja na zana za mradi wa GNU, ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983. Leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuusambaza. Mfumo wa namna hiyo hauna mwenye mali mmoja, na usipokuwa na mwenye mali hakuna mwenye mamlaka ya kusema nani anaujua.

Katika miaka ya 1990 Novell na Microsoft hazikuwa na tatizo hilo. Aliyeuza mfumo ndiye aliyetoa cheti, na soko likamwamini. Imani hiyo iliingia doa mapema. Wakatokea watu waliokariri maswali, wakafaulu MCSE ya Microsoft, kisha wakakaa mbele ya seva iliyokwama wasijue pa kuanzia. Wenye fani waliwaita mabingwa wa karatasi, na kumbukumbu hiyo ndiyo iliyochora sura ya mitihani ya Linux iliyofuata.

Linux ilipoanza kuingia maofisini kwa kasi, mameneja walikuwa na swali moja: nitamjuaje anayeijua kweli? Mwaka 1999 yakatolewa majibu mawili. Red Hat, kampuni ya North Carolina, ilianzisha RHCE, mtihani uliomtaka mtahiniwa afanye kazi kwenye kompyuta. Mwaka huohuo, nchini Kanada, ikaundwa Linux Professional Institute, yaani LPI, taasisi isiyo ya faida ambayo miongoni mwa waasisi wake walikuwamo Dan York na Evan Leibovitch. Hii ilitaka cheti kisichoelemea bidhaa ya kampuni yoyote. CompTIA ya Marekani ikafuata na Linux+ mwaka 2001. Linux Foundation ilichelewa. LFCS yake ilitoka mwaka 2014.

Vyeti vingine vilizaliwa na kufa bila kishindo. Sair, kilichoanza sambamba na hivyo viwili vya kwanza, leo hakitajwi kwenye tangazo lolote. Na kuna kipindi ambacho mikwaju ya kwenye matangazo ilikuwa na mantiki: kati ya 2010 na 2019 Linux+ ilitumia mitihani ya LPI, hivyo aliyefaulu Linux+ aliweza kupata na cheti cha LPIC-1. Mpango huo ulikoma Oktoba 2019. Matangazo mengi bado hayajapata habari.

Fundi wa Linux, au fundi wa bidhaa?

Hoja ya LPI ni rahisi kuielewa. Linux ina matoleo mengi, distro kama wenyewe wanavyoziita, na fundi hajui kesho ataajiriwa kwenye ofisi yenye ipi. Kwa hiyo LPIC-1, cheti chake cha ngazi ya kwanza, inamtaka ajue kusakinisha programu kwa njia ya familia ya Debian na pia kwa njia ya familia ya Red Hat. Cheti hicho anaweza kuhama nacho ofisi hadi ofisi.

Udhaifu wake unatokana na nguvu hiyohiyo. Ukitaka kumridhisha kila mtu, inabidi upite juu juu. Mtahiniwa anakariri amri za familia mbili wakati kazini atatumia moja, na mambo mazito yanayotofautiana kati ya distro, kama mifumo ya ulinzi ya SELinux kwa Red Hat na AppArmor kwa Ubuntu, hayapati kina kwenye ngazi ya kwanza.

Red Hat inashika njia ya pili. Inasema: hatukupimi kama unaijua Linux kwa ujumla, tunakupima kama unaweza kuusimamia mfumo wetu huu, toleo hili. Anayeajiri kwa ajili ya benki au kampuni ya simu inayolipia usajili wa Red Hat anapata anachokitaka moja kwa moja. Lakini mtahiniwa anakuwa amefunga bahati yake kwenye soko la kampuni moja, na kampuni hubadilika. IBM ilikamilisha ununuzi wa Red Hat mwaka 2019 kwa dola za Marekani bilioni 34. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba CentOS Linux 8, pacha wa bure wa mfumo wa Red Hat, ingefungwa mwisho wa 2021, wakati watumiaji walikuwa wametarajia matunzo mpaka 2029. Kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti zilikuwa zimejenga juu ya CentOS, na mafundi wao wakajikuta na kazi ya kuhama ambayo hawakuipanga.

Wapo wanaolitumia tukio hilo kama ushahidi dhidi ya vyeti vya kampuni. Hawajalisoma mpaka mwisho. AlmaLinux na Rocky Linux zilitoka mwaka 2021 kuziba pengo hilo, na kwa kuwa ni za ukoo uleule, aliyesomea RHCSA, cheti cha msingi cha Red Hat, hakupoteza kitu. Aliyeumia ni bajeti ya ofisi.

Kuna jambo jingine lililopunguza ukali wa ugomvi huu, nalo halisemwi sana. Mwaka 2000 distro zilitofautiana kwelikweli: namna ya kuwasha huduma, mahali pa mafaili ya mipangilio, hata mpangilio wa hatua za kuwaka kwa mashine. Kisha ikaja systemd, programu ya kuwasha na kusimamia huduma za mashine. Red Hat iliiingiza kwenye toleo la 7 mwaka 2014, Debian kwenye toleo la 8 mwaka 2015, na Ubuntu mwaka huohuo. Leo amri ya kuwasha huduma ni ileile kwenye zote tatu, na kumbukumbu za mfumo zinasomwa kwa zana ileile. Ruhusa za mafaili, ssh, michakato na ugawaji wa diski tangu hapo havikuwa na tofauti kubwa. Yaani hoja ya cheti kisicho na upande ilikuwa na nguvu zaidi siku kilipozaliwa kuliko ilivyo sasa. Anayejua vizuri familia moja anahitaji wiki chache kuzoea ya pili. Asiyejua yoyote vizuri hasaidiwi na orodha ya zote.

Kujua jibu na kuweza kazi

Hapa ndipo penye mgawanyiko halisi, na ndipo mwombaji anapopaswa kutazama kabla ya kutazama jina la cheti.

LPIC-1 ni mitihani miwili, wa 101 na wa 102. Kila mmoja una maswali 60 kwa dakika 90, na alama ya kufaulu ni 500 kwenye kipimo cha 200 hadi 800. Mengi ni ya kuchagua. Machache yanamtaka mtahiniwa aandike mwenyewe amri au njia ya faili, bila chaguo la kumwongoza. Linux+ ina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na baadhi yake ni ya kuigiza kazi ndani ya kisanduku. RHCSA na LFCS hazina swali la kuchagua hata moja. Mtahiniwa anapewa mashine, orodha ya kazi na saa.

Chukua kazi moja iliyomo waziwazi kwenye malengo ya RHCSA: kukatiza mashine inapowaka ili kuingia kwenye mfumo ambao nenosiri la msimamizi mkuu halijulikani. Mtahiniwa anaikamata menyu ya kuwasha, anaongeza neno rd.break mwishoni mwa mstari wa kerneli, mashine inasimama katikati ya safari. Anafungua diski kwa kuandika, anaingia ndani yake kwa chroot, anabadilisha nenosiri kwa amri ya passwd. Kila kitu kinaonekana kimekwenda sawa. Kama hakukumbuka kuunda faili tupu liitwalo .autorelabel kwenye mzizi wa diski, mashine itawaka, itaonyesha sehemu ya kuingilia, na itamkatalia nenosiri aliloliweka dakika mbili zilizopita. SELinux imeona faili la manenosiri limebadilishwa na sasa lina lebo isiyo yake, ikalizuia lisisomwe. Hakuna swali la kuchagua linaloweza kumweka mtu kwenye mtego huo na kumwacha atafute njia ya kutoka huku saa inakwenda.

Kuna sharti lingine la Red Hat linalofundisha zaidi ya kitabu kizima: kila ulichokipanga lazima kidumu mashine ikizimwa na kuwashwa tena. Ukiongeza diski mpya ukakosea herufi moja kwenye fstab, faili linaloorodhesha diski za kupachika, inafanya kazi vizuri mpaka utakapoiwasha mashine upya, kisha inaingia kwenye hali ya dharura na kukungoja. Mashine isiyowaka haina cha kusahihishwa. Aliyewahi kusimamia seva za ofisi anajua kwamba hilo ndilo kosa la kazini lenyewe: huduma iliyowekwa kwa mkono mwaka jana, umeme ukakatika leo, na hakuna anayekumbuka iliwashwaje.

Mitihani ya vitendo inamruhusu mtahiniwa kufungua kurasa za mwongozo zilizomo ndani ya mfumo. Hilo ni jambo la haki. Hakuna fundi anayekumbuka alama zote za amri ya find, na hakuna bosi anayemtaka azikumbuke. Anatakiwa ajue kwamba kipo chombo cha kazi hiyo na aweze kusoma namna kinavyotumika. Mtihani wa kuchagua unamnyima mwongozo, halafu unamuuliza herufi ambayo mwongozo ungempa kwa sekunde kumi.

Hata hivyo, watetezi wa maswali ya kuchagua si wajinga. Maswali 120 ya LPIC-1 yanagusa eneo kubwa ambalo kazi chache za saa tatu haziwezi kulizunguka. Fikiria tatizo ambalo kila msimamizi hukutana nalo siku moja: amri ya df inasema diski imejaa pomoni, amri ya du ikijumlisha mafaili inasema nusu haijafika. Mara nyingi kuna mtu amefuta faili kubwa la kumbukumbu wakati programu iliyokuwa ikiliandika bado imelishikilia. Nafasi haitaachiliwa mpaka programu hiyo iwashwe upya. Kulijua hilo kunahitaji uelewa wa jinsi mfumo unavyotunza mafaili, na swali moja zuri la kuchagua linaweza kuufikia uelewa huo kwa dakika moja na nusu. Mtihani wa vitendo wenye kazi za kawaida za kuongeza mtumiaji, kupanua diski na kufungua lango la mtandao unaweza usiufikie kamwe.

Kisha kuna namna vitendo vinavyosahihishwa. Programu hukagua hali ya mwisho ya mashine: mtumiaji yupo au hayupo, diski imepachikwa au haijapachikwa. Haijali umefikaje. Mtu aliyejaribu mambo ishirini kwa kubahatisha mpaka moja likakubali anapata alama sawa na aliyejua. Na hakuna mtihani hata mmoja kati ya hii unaopima busara ambayo ndiyo nusu ya kazi: kutowasha upya seva ya malipo saa sita mchana mwisho wa mwezi, kuhakikisha nakala ya akiba inarejesheka kabla ya kuigusa hifadhidata, kumwambia meneja ukweli kabla hajausikia kwa wateja.

Wizi wa maswali ni tatizo la pande zote mbili, ingawa si kwa kiwango kimoja. Maswali ya kuchagua huibwa yalivyo na kuuzwa mtandaoni kwa bei ya vocha, na mtu anaweza kufaulu bila kuigusa Linux. Kazi za vitendo nazo huvuja, na mtandao umejaa video zinazozitatua hatua kwa hatua. Tofauti ni kwamba anayekariri namna ya kupanua diski mpaka aweze kuifanya peke yake, bila kuchungulia, mwishowe anajua kupanua diski. Udanganyifu wenyewe unamlazimisha kujifunza.

Cheti chenye tarehe ya kufa

LPIC hudumu miaka mitano. RHCSA, RHCE na Linux+ miaka mitatu. Linux Foundation ilikuwa ikitoa miaka mitatu, na tangu Aprili 2024 imepunguza hadi miwili.

Wanaotetea ukomo wanasema mambo yanabadilika, na ni kweli. Aliyefaulu kabla ya systemd alihitaji kujifunza upya, na aliyezoea ifconfig siku hizi anakuta mashine isiyo nayo. Mfano mkali zaidi ni RHCE yenyewe. Kwa miaka mingi ilimaanisha mtu anayeweza kusimika huduma za mtandao kama Samba, NFS na DNS. Ilipokuja Red Hat toleo la 8 mwaka 2019, mtihani ukageuzwa wote kuwa wa Ansible, yaani kuandika maelekezo yanayopanga seva nyingi kwa mpigo. Sababu ilikuwa ya kweli: kazi yenyewe ilikuwa imehama kutoka kutunza seva moja moja hadi kutunza makundi. Ila jina halikubadilika. RHCE wa 2012 na RHCE wa 2022 wamefanya mitihani isiyofanana, na afisa utumishi anayesoma herufi nne kwenye wasifu hana habari.

Wapinzani wanasema ukomo ni mradi wa kukusanya ada. Ukweli uko katikati, na unatofautiana kwa kila cheti. Red Hat ilitoa toleo la 8 mwaka 2019, la 9 mwaka 2022 na la 10 mwaka 2025, kwa hiyo miaka mitatu ya cheti kinachofungamana na bidhaa ina mantiki. Miaka mitano ya LPIC, inayopima misingi inayokwenda polepole, nayo ina mantiki. Miaka miwili kwa cheti cha misingi haina. Amri ya chmod inafanya leo kazi ileile iliyoifanya kwenye Unix ya miaka ya 1970, na fundi anayeitumia kila siku hahitaji kuthibitishwa kila baada ya miezi 24 kwamba hajaisahau.

Dola, umeme na lugha

Bei ya kawaida ya kila mtihani wa LPI nchini Marekani imekuwa dola 200, na LPIC-1 inahitaji miwili. Taasisi hiyo hupanga bei tofauti kwa nchi tofauti, jambo linalopunguza makali. Mtihani wa Red Hat na ule wa Linux Foundation ni dola mia kadhaa kila mmoja, ingawa ada ya Linux Foundation hujumuisha jaribio la pili bila malipo.

Weka dola 400 kwenye shilingi. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni milioni moja ya Tanzania. Kima cha chini cha mshahara wa serikali kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Mhitimu asiye na kazi anaombwa atoe mishahara miwili ambayo hajaanza kuilipwa, kwa ajili ya kuruhusiwa kuomba kazi.

Mitihani ya vitendo, ya Red Hat ikiwamo tangu 2020, inaweza kufanyika nyumbani, msimamizi akikuangalia kupitia kamera. Hilo limemwokolea nauli mtu wa Mbeya au Kisumu, na limemwongezea hofu mpya. Mtihani wa mbali unahitaji umeme usiokatika na intaneti isiyoyumba kwa saa mbili au tatu mfululizo. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Aliyekuwa na mtihani siku hiyo hakuwa na kosa. Anayeweza kufika kituo cha mitihani chenye jenereta bado ana sababu ya kukipendelea.

Lugha ina uzito wake pia. LPIC-1 hutolewa kwa lugha kadhaa, na Kiswahili hakimo. Msomaji wa Kiswahili anaufanya kwa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa mwaka 2004 programu huria za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice, hivyo lugha haikuwahi kushindwa na fani hii. Kwenye maswali ya kuchagua, kikwazo cha lugha ni kikubwa kuliko kinavyodhaniwa, kwa sababu mtego huwekwa ndani ya maneno: chagua mawili yasiyo sahihi, lipi lina uwezekano mkubwa zaidi. Kwenye mtihani wa vitendo, kazi inasema panua diski hii ifike gigabaiti kadhaa, na mashine haijali Kiingereza chako.

Wanaosema vyeti havina kazi

Kundi la tatu linasema programu huria ina njia yake ya kumjua fundi: kazi yake iko hadharani. Mradi wa Debian haumuulizi mtu cheti. Anayetaka kuwa mwanachama kamili hupitia maswali ya uwezo na ya falsafa ya mradi, ufunguo wake wa kidijitali ukiwa umesainiwa na waliomtangulia, na anatathminiwa kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Afrika nayo ina AfNOG, ambayo tangu 2000 imekuwa ikikusanya wahandisi wa mitandao na wasimamizi wa seva kwenye warsha za vitendo. Mafundi wa kanda hii walinolewa huko bila kujali majina ya vyeti.

Hoja hii inawafaa zaidi waandishi wa programu kuliko wasimamizi wa mifumo. Msimbo unaweza kuonyeshwa. Mipangilio ya seva ya benki haiwezi kuwekwa hadharani, na kazi nzuri ya msimamizi ni ile ambayo hakuna aliyeiona: seva haikuanguka. Mtu aliyefanya hivyo miaka minane ana cha kujivunia na hana cha kuonyesha. Ndiyo maana fani hii inahitaji kipimo cha nje kuliko fani ya jirani yake. Kinachobishaniwa ni nani akilipie.

Kuviweka kwenye mizani

Ukifuatilia nani ananufaika na cheti, mwombaji yuko wa mwisho kwenye mstari. Mwajiri anaokoa muda wa kupima watu. Kampuni inayoomba zabuni huambatanisha vyeti vya watumishi wake na kupata alama kwenye tathmini. Mshirika wa kibiashara wa Red Hat anahitaji mafundi wenye vyeti ili apande daraja. Mwenye mtihani anapata ada. Anayezitoa fedha mara nyingi ndiye asiye na uhakika wa kupata chochote.

Kwa mwombaji anayetoa mfukoni mwake na ana uwezo wa mtihani mmoja tu, mtihani wa vitendo unastahili fedha hiyo kuliko wa kuchagua. RHCSA ina uzito zaidi kwa anayelenga benki, kampuni za simu na taasisi zinazolipia Red Hat. LFCS inafaa kwa mwingine yeyote, na nafasi yake ya pili isiyo na malipo si kitu kidogo. RHCE aisubiri mpaka apate kazi yenye seva za kutosha kuhitaji Ansible. LPIC-1 aitumie kama ramani: mtaala wake uko wazi, LPI inatoa vitabu vya kujifunzia bila malipo, na mtu aliyejifunzia kazini mwenye mapengo asiyoyajua atayaona humo bila kulipa ada ya mtihani. Ailipie ikiwa nchi anayoiendea au zabuni inayomhusu inaitaja kwa jina. Vifaa vya mazoezi si kikwazo tena. Tangu 2021 Red Hat inamruhusu mtu binafsi kutumia mfumo wake bure kwenye mashine zisizozidi 16, AlmaLinux na Rocky hazina masharti hayo, na kompyuta ya mkononi yenye gigabaiti nane za kumbukumbu inabeba mashine mbili tatu za kuigiza bila kulalamika.

Mwajiri ana deni kubwa zaidi. Akiwa na fundi mmoja tu anayeijua kazi, anaweza kuandaa mashine iliyoharibiwa makusudi, huduma moja isiyowaka na diski moja iliyojaa, akampa mwombaji nusu saa na ruhusa ya kusoma mwongozo. Mfumo ni bure, mashine ya kuigiza ni bure, na nusu saa hiyo itamwambia zaidi ya herufi nne kwenye wasifu, hasa akikaa pembeni na kutazama mtu anavyotafuta chanzo cha tatizo, jambo ambalo msahihishaji wa kompyuta halioni. Asiye na fundi hata mmoja ndiye mwenye haki ya kutegemea cheti, kwa kuwa hana jicho lingine. Hata yeye ataje kimoja anachokihitaji na ajue kinapima nini.

Zabuni au mkataba wa ushirika ukidai vyeti, hiyo ni gharama ya biashara na ilipwe na biashara. Waajiri wengi wanajibu kwamba fundi akishalipiwa anahama, na hofu hiyo si ya kubuni. Suluhisho lililozoeleka ni mkataba wa kumfunga kwa muda. Mkataba wa miaka mitatu kwa cheti cha miaka mitatu unamnyima fundi faida yote, kwa sababu siku anapokuwa huru cheti nacho kimekufa. Mwaka mmoja unatosha, na deni lipungue kila mwezi anaoufanya kazi: akiondoka mwezi wa sita, arudishe nusu ya ada, na mwajiri mpya akitaka anaweza kumlipia hiyo nusu.